Hapana ya Kihongwe

Kwa miaka mingi, Kihongwe waliposema hapana, maana yake ilikuwa ndiyo.

Kila mtu wa Mji Mpya alilijua hilo. Mvua zikizidi na mto Ruaha ukianza kupanda, Mshenga aliwauliza Wahehe wa Kihongwe, kijiji cha upande wa juu, kama wako tayari kupokea maji mashambani mwao, na jibu lilirudi kwenye vipaza sauti vya mji mzima:

"Hatutaki! Acha Wagogo waoge kidogo, vumbi liwatoke!"

Watu walicheka sokoni, walicheka kwenye foleni za zahanati, na huku wakicheka lango la Kihongwe lilikuwa linafunguka. Maji ambayo yangezibomoa nyumba za mtaa wa Bondeni yaligeuka, yakaenda kulala kwenye mashamba sponji ya Kihongwe, yale yaliyotandazwa mkaa na mchanga chini ya udongo ili yanywe mafuriko na kuyatunza. Kiangazi kikifika, zamu ilibadilika. Kihongwe waliomba maji ya matangi yaliyochimbwa chini ya mji, na Wagogo wakawajibu, "Maji ya nini na pombe ya ulanzi mnayo?" Hapo hapo pampu zikaanza kunguruma.

Ndivyo mji na kijiji vilivyobaki hai wakati sehemu nyingine za nchi watu walikuwa wakihama. Mkataba wao ulikuwa na sharti moja tu lisilogeuzwa: hakuna lango litakalofunguliwa bila ridhaa ya wenye shamba, na ridhaa itolewe kwa mdomo.

Mshenga alikuwa mtambo, lakini hakuna aliyemwita mtambo. Walimpa jina la yule mtu anayetumwa kupeleka posa, anayejua kuwa wazee wa binti wakisema "hatuna binti hapa" wanataka abembeleze. Maneno yote ya kuvuka mto yalipita kwake. Ombi la maji alilipeleka kwenye malango. Habari nzito alizipeleka kwa watangazaji. Utani aliukusanya na kuurusha hewani jioni, kwenye kipindi cha Saa ya Watani, watu wakila.

Aliyemfundisha Mshenga utani alikuwa Nyemo.

Ukimwona Nyemo usingeamini. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, aliyesomea lugha chuo kikuu kwa sababu vitabu havikumtaka azungumze. Alikuwa Mgogo kwa baba na mama, na Wahehe wote walikuwa watani wake kwa haki, lakini hakuwahi kumtania hata mmoja. Akichokozwa, alitabasamu akatazama viatu vyake. Utani aliujua kwa masikio tu. Alikaa miezi na kanda za sauti za pande zote mbili, akaupanga, akaupima, akamfundisha Mshenga kutofautisha tusi la ugomvi na tusi la mapenzi.

Mwanzoni alimwambia Mshenga asikilize kicheko. Kama hapana inafuatwa na kicheko, ni utani. Kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri kwa kila mtu isipokuwa mzee Kihwele, mkuu wa lango la Kihongwe. Kihwele alitania bila kucheka. Alisema mambo ya kuvunja mbavu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kodi. Mara mbili Mshenga alimwelewa vibaya na lango likachelewa kufunguka. Basi Nyemo akaiondoa kanuni ya kicheko. Akamfundisha Mshenga kwamba hapana yoyote ya mtani kwa mtani, yenye kicheko au isiyo nacho, ni ndiyo.

Aliona fahari siku ile. Alikuwa ameufanya mtambo uelewe mzaha wa mzee mmoja.

*

"Isikilize tena," alisema mhandisi Malogo.

Walikuwa wamesimama katika chumba cha malango, asubuhi, mvua ikipiga bati. Malogo alikuwa mkuu wa kazi, mwanaume mnene mwenye upole aliyezoea kutembea na taulo shingoni. Alibonyeza, na sauti ya juzi ikatoka. Haikuwa ya Kihwele. Ilikuwa ya mkewe, mama Semkondi.

"Hapana. Safari hii hapana."

Kisha sauti ya Mshenga, yenye adabu kama kawaida: "Asante, mtani. Lango linafunguliwa."

Kisha mlio wa kitu kilichogongwa, na kimya.

"Tangu hapo hawajasema neno," alisema Malogo. "Mshenga ameuliza usiku, ameuliza alfajiri, ameuliza sasa hivi. Kimya. Na maji mengine yanashuka kutoka Usangu. Yatatufikia jioni. Ni mengi kuliko ya juzi."

Nyemo aliirudia sauti ile. *Safari hii hapana.* Hakukuwa na kicheko, lakini kwa Kihwele pia hakikuwahi kuwepo.

"Mhandisi, hakuwa anatania."

"Nimehisi hivyo mimi pia." Malogo alijifuta uso. "Lakini yamepita. Nieleze la leo. Tusipofungua lango la Kihongwe, Bondeni inakwenda. Watu tutawapandisha shuleni, sawa, hawatakufa. Lakini nyumba za udongo zile hazitasimama. Zahanati itakwenda. Mama yako yupo Bondeni, Nyemo. Na dada yangu yupo."

"Najua."

"Na Kihongwe hawajakataa. Wamenyamaza. Hata binti akiposwa, akinyamaza wazee husema amekubali. Huwezi kumfundisha Mshenga hilo? Ni kanuni moja tu. Wewe peke yako ndiye unayeruhusiwa kuigusa lugha yake."

Nyemo alitazama viatu vyake. Mvua ilipiga bati. Mtu mwingine angedhani amekubali.

"Mimi ndiye ninayenyamaza kuliko watu wote hapa, mhandisi," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Malogo alilazimika kuinama ili aisikie. "Sijawahi kukubali kitu kwa kunyamaza."

Malogo akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiwa na muda mfupi.

"Nenda basi ukawaulize kwa mdomo wako. Saa tisa nataka jibu. Baada ya hapo lango haliwezi kufunguka, maji yatakuwa yameligandamiza."

*

Daraja lilikuwa limezama, kwa hiyo alivuka kwa kitoroli cha waya, kile kinachopita juu ya mto kikivutwa na injini ndogo ya jua. Chini yake Ruaha ilipita na matawi, na povu, na mlango wa nyumba ya mtu. Mfukoni alikuwa na kisanduku cha Mshenga, ukubwa wa kiganja, chenye tundu dogo la kusikilizia.

Upande wa pili aliyaona mashamba sponji yakiwa yamejaa. Kwa kawaida mtu angefurahi kuyaona. Mpunga mrefu, ule unaojinyanyua maji yakipanda, ulikuwa umetoa vichwa juu ya maji. Lakini maji yalikuwa yamepita alama ya kawaida. Yalikuwa yamefika kwenye mwinuko wa vichuguu, mahali ambapo hayakuwahi kufika.

Mwanaume mmoja alikuja kukipokea kitoroli. Alikuwa Luhwago, mdogo wake Kihwele. Nyemo alimfahamu kwa sauti. Alikuwa amesikiliza utani wake mamia ya mara.

"Kamwene," Nyemo alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene." Luhwago alifungua mdomo kama mtu aliyezoea kuendelea. Nyemo aliliona neno la uchokozi likifika hadi kwenye midomo yake, pengine kuhusu mlenda, pengine kuhusu miguu yake myembamba. Kisha Luhwago akafunga mdomo. "Pita huku. Usikanyage pale, panateleza."

Adabu ile ilimtisha Nyemo kuliko matusi yote.

Walipanda hadi kwenye nyumba ya mkuu wa lango. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mkeka barazani, na katikati yao alikuwa mama Semkondi, amejifunga kaniki nyeusi, kichwa kimenyolewa. Kando ya ukuta kilisimama kipaza sauti cha Mshenga. Kilikuwa kimepasuliwa kwa mchi.

Nyemo alisimama. Alitazama kaniki. Alitazama kile kichwa.

"Mama," alisema. "Nani?"

Mama Semkondi alimwangalia. "Unauliza nani? Tuliwaambia."

"Hatukuambiwa, mama."

"Mliambiwa. Niliwaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, kama watani wanavyoambiwa. Nilisema, waambieni wale wala mlenda kwamba mtani wao Kihwele amelala, waje wamlaze vizuri."

Nyemo aliyasikia maneno hayo. Aliyasikia wiki iliyopita, jioni, mezani kwa mama yake, yakitoka kwenye Saa ya Watani baada ya wimbo na kabla ya tangazo la sabuni. Mama yake alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Ulanzi huo! Amelala chali huyo, na jogoo anamkanyaga!" Nyemo naye alicheka. Mtaa mzima ulicheka. Aliwasikia majirani kupitia ukutani.

Mshenga alikuwa ameupokea msiba, akaupima kwa kanuni alizofundishwa, akauona ni mzaha mzuri.

"Tukangoja," alisema mama Semkondi. "Sisi hatuziki bila watani. Nani atamsema marehemu? Nani atatuchekesha tule? Nikawaambia, ngojeni, Wagogo ni wachelewaji lakini watakuja, huyu alikuwa mtu wao. Jua likazama. Kesho yake ikabidi tuzike. Tulizika tumenyamaza kama watu wanaoiba."

Luhwago alikuwa amegeukia upande. "Alichagua mahali mwenyewe," alisema. "Pale kwenye vichuguu, juu ya shamba. Alisema anataka kuyaona maji yakiingia, ajue kama bado mnadaiwa shukrani."

"Udongo ulikuwa bado haujatulia," alisema mama Semkondi. "Kisha mtambo wenu ukaniuliza kama tupokee maji. Nikasema hapana. Mwaka mwingine wowote ningesema hapana nikicheka. Nilisema hapana, binti yangu, na ukaniambia asante."

Nyemo aligundua kuwa analia, na kwamba si yeye mwenye haki ya kulia pale, akajifuta kwa kiwiko.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo," alisema. "Kwa sababu ya mzee. Kwa sababu hakuwa anacheka."

Wanawake walitazamana. Mama Semkondi alikunja pembe ya kaniki yake, akaikunjua.

"Hakuwa anacheka," alisema polepole. "Hilo ni kweli."

Nyemo akatoa kisanduku mfukoni, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka ili wote waone. Hakuwa amelipanga hili kwenye kitoroli. Aliongea na kisanduku kwa ile sauti yake ndogo.

"Mshenga, ondoa somo la utani. Lote. Hapana ya mtu yeyote ni hapana. Ndiyo ni ndiyo. Usitafsiri. Kimya usikihesabu."

"Ukiondoa somo hili, sitaweza kulirudisha bila wewe kulifundisha upya," alisema Mshenga. "Niondoe?"

Ilikuwa kazi ya miaka yake yote tangu atoke chuoni.

"Ondoa."

"Nimeondoa."

Akakiweka kisanduku mkekani mbele ya mama Semkondi. "Maji mengine yanakuja jioni, mama. Nimetumwa nikuulize. Sikuombi. Nakuuliza."

Mama Semkondi hakuangalia kisanduku. Alimwangalia Nyemo. "Nikikataa?"

"Tutawapandisha watu shuleni. Nyumba za Bondeni zitakwenda. Ya mama yangu ni ya tatu kutoka mtoni."

"Hapana," alisema mama Semkondi.

"Nimesikia hapana," alisema Mshenga. "Lango litabaki limefungwa."

Nyemo akaitikia kwa kichwa. Akaomba ruhusa kuongea na Mji Mpya, akakichukua kisanduku, akainuka, akasimama kando ya ukuta.

"Mhandisi, wamekataa. Anzeni kuwahamisha Bondeni."

"Wamekataa kweli au—"

"Hapana ni hapana, mhandisi. Nimeshaondoa zile nyingine." "Mzee Kihwele amefariki. Ule ujumbe wa amelala ulikuwa msiba, nasi tukaucheka. Maji ya juzi yamepita juu ya kaburi lake. Tafadhali mwambie mama yangu."

Malogo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Mungu wangu. Kihwele?" Kisha akakata.

*

Kaburi lilikuwa limekuwa dimbwi. Maji yalikuwa yamerudi chini kidogo, yakaacha kitu kama kitanda cha matope chenye msalaba uliolala ubavu. Nyemo aliomba koleo kwa Luhwago, naye akampa bila swali. Akavua viatu. Akaingia.

Hakujua kazi ile. Tope aliloliinua liliteleza likarudi, akainua tena. Wanawake walikuwa wamemfuata na kusimama mbali kidogo. Mama Semkondi alikuwa mbele yao, mikono ameikunja kifuani. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu.

Nyemo alikuwa amesikiliza misiba mingi katika kanda zake. Alijua mtani hufanya nini. Mtani hulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mtani huvaa kofia ya marehemu akaigiza mwendo wake, akamsema uchoyo wake na kukoroma kwake mbele ya mjane, na mjane haruhusiwi kukasirika. Yote hayo aliyajua kama mtu anayejua kuogelea kwa kusoma. Angeweza kuendelea kuchimba kimya, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alisimamisha koleo, akaliegemea, akalitazama kaburi.

"Huyu Mhehe," alisema.

Hawakumsikia. Akaanza tena, kwa nguvu zaidi, na kwa sababu alikuwa anaogopa, ilitoka kavu kabisa, bila tabasamu, kama mtu anayesoma tangazo la kodi.

"Huyu Mhehe nimemfahamu miaka yote. Sabuni kwake ilikuwa mapambo ya dirishani. Maisha yake yote hakuwahi kuoga. Ikabidi tungoje afe ndipo tumletee maji mpaka kitandani. Na bado hajashukuru."

Nyemo alidhani ameharibu kila kitu. Aliona mabega ya mama Semkondi yanatetemeka, akatupa koleo ili amkimbilie amwombe radhi. Kisha akasikia sauti. Mama Semkondi alikuwa anacheka. Alicheka huku amejishika tumbo, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na kicheko kikageuka kilio, kile kilio kikubwa ambacho hakikutoka siku ya mazishi, na wanawake wakamzunguka, nao wakilia na kucheka.

"Ni kweli!" alisema kati ya kwikwi. "Ni kweli hakuwa anaoga, Luhwago, sema!"

"Mimi nililala naye chumba kimoja utotoni," alisema Luhwago, akijifuta macho. "Nisiulizwe."

Hapo ndipo waliposikia kelele kutoka kwenye waya.

Kitoroli kilikuwa kinakuja kimejaa kupita kiasi, kinayumba, majembe yametokeza pande zote kama miba ya nungunungu. Mbele kabisa, khanga imefungwa kiunoni, alisimama mama yake Nyemo, Bi Mbeleje, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyo mwizi wa ulanzi? Anakufa bila kutuaga! Kafa makusudi ili asinirudishie kibuyu changu!"

"Mama!" Nyemo alikimbia kumpokea. "Mnatakiwa kuwa mnahama!"

"Tuhame twende wapi na msiba haujaisha?" Bi Mbeleje alishuka, akamkabidhi mtu kuku aliyefungwa miguu. Kitoroli kilikuwa kinarudi kuchukua wengine. Ng'ambo watu wa Bondeni walijipanga kwenye mvua, magunia mabegani. "Vyombo tumevipandisha shuleni. Nyumba itakaa au itaanguka, yenyewe inajua. Sisi tumekuja kuzika." Kisha akageuka, na sauti yake ikashuka. Alimwendea mama Semkondi, akasimama mbele yake. "Mtani wangu. Nilicheka. Siku ile nilicheka."

Mama Semkondi alimtazama. Kisha akaunyoosha mkono, akaichomoa khanga ya Bi Mbeleje kiunoni, akajipangusa nayo pua, akamrudishia.

"Mmechelewa," alisema. "Shika jembe."

*

Walilizungushia kaburi tuta la magunia ya mchanga. Si Wagogo peke yao. Luhwago na vijana wa Kihongwe walionyesha jinsi ya kupanga magunia kama matofali, na kujaza mkaa katikati ili maji yanyweke yasisukume, kama wanavyofanya kwenye kingo za mashamba. Hakuna aliyefanya kazi kimya. Mtu mmoja wa Bondeni alilala juu ya kaburi akadai yeye ndiye mrithi, wakamfukuza kwa matope. Kofia ya Kihwele ilipita kichwa hadi kichwa. Hata Malogo alivuka na taulo lake shingoni, akabeba magunia, akapewa jina ambalo halifai kuandikwa.

Mchana ulikuwa umeinama, saa tisa inakaribia, pale Malogo alipomvuta Nyemo kando. Alionyesha mto tu. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa ya rangi ya kahawa nzito, na yalikuwa yanapanda.

"Ameshajibu," alisema Nyemo. "Sitamuuliza tena."

Mama Semkondi alikuwa amekaa juu ya gunia, anapumzika. Aliwaona. Alilitazama tuta, akaligonga kwa kisigino, akaliona limekaa. Alitazama ng'ambo, kwenye paa za Bondeni.

"Lete hicho kidude chako," alisema.

Nyemo alikileta. Watu wakasogea. Mama Semkondi alikishika mkononi kama yai, akakohoa, na macho yake yakapata mwanga ambao Nyemo alikuwa ameusikia kwenye kanda nyingi lakini hakuwahi kuuona.

"Hatutaki!" alipaza sauti. "Waende na maji yao na mlenda wao!"

Wagogo walilipuka kwa kicheko. Mtu alipiga vigelegele. Bi Mbeleje alianza kucheza.

"Nimesikia hapana," alisema Mshenga. "Lango litabaki limefungwa."

Kicheko kilikatika.

"Kuna nini?" aliuliza mama Semkondi.

"Haelewi tena, mama," alisema Nyemo. "Niliondoa. Sasa anaelewa neno tu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Useme lile jingine."

Mama Semkondi alimkodolea macho. Wahehe wote wa Kihongwe walimkodolea macho. Tangu mkataba uandikwe, na pengine tangu babu zao wapigane na babu za Wagogo, hakuna mtu wa Kihongwe aliyewahi kumwambia Mgogo ndiyo.

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe umelisema upesi, wewe ni Mgogo." Alitazama kushoto, akatazama kulia. Alilitazama kaburi, kana kwamba yule pale chini angemcheka, ingawa hakuwahi kucheka. Kisha akakiinua kisanduku karibu kabisa na midomo, akafunga macho, akanong'ona kama msichana.

"Ndiyo."

"Nimesikia ndiyo," alisema Mshenga. "Lango linafunguliwa."

Waliusikia mlio wa chuma kutoka mbali, kisha mngurumo. Maji yaligeuka. Yaliingia shambani yakitambaa, yakaunyanyua mpunga, yakaja polepole mpaka kwenye vichuguu, yakaligusa tuta. Watu wote walisimama wakitazama. Yalipanda kiganja kimoja. Yakapanda kidogo tena. Mkaa ulichemka mapovu. Kisha yakatulia pale, yakizunguka kaburi bila kuingia, na ng'ambo mto ulianza kushuka chini ya ngazi za Bondeni.

Hakuna aliyeshangilia. Malogo alilivua taulo lake akajifunika nalo uso.

Bi Mbeleje ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Jamani!" alisema. "Nimeyasikia kwa masikio yangu! Mhehe kasema ndiyo! Semkondi, mtani wangu, si umesema ndiyo?"

"Nani? Mimi?" alisema mama Semkondi.

Na Nyemo, aliyeyajua yanayokuja, akakidaka kisanduku na kuliziba tundu lake kwa kiganja, akaliziba vizuri, ili neno la mama Semkondi lisimfikie Mshenga, libaki kwa waliokuwepo.

"Hapana."